Mkonge wa Bonde la Pangani na Masoko ya Ng'ambo

Mtu atokaye Segera kwenda Korogwe, kisha akaifuata njia ya reli kuelekea Mombo, huiona mistari ya mkonge imenyoka kutoka ukingo wa barabara mpaka miguuni mwa milima ya Usambara. Aghalabu hulizoea jambo hilo hata asiulize mmea huo ulitoka wapi. Kumbe mkonge ni mgeni katika nchi hii. Wazee wa Uzigua na Usambara wa zama za misafara hawakuujua. Uliletwa kwa meli kutoka upande wa pili wa dunia, na tangu siku hiyo umeifunga Korogwe na jirani yake Handeni katika biashara na nchi ambazo wakataji wake hawakuziona kamwe.

Wakati huu Chama Kikuu chetu kinapotimiza miaka 10, ni desturi kuhesabu mema yaliyotendeka, na wengine watayahesabu katika kurasa nyingine za kitabu hiki. Makala hii imekusudia jambo moja tu. Yataka kueleza, kwa njia ya historia, swali ambalo kila mwanaushirika yampasa kulijua jibu lake: kwa nini katika biashara hii mali ilikuwa huku, na bei ikawa kule?

KABLA YA MKONGE

Biashara na nchi za mbali haikuanza na mkonge. Katika karne ya 19 misafara ilitoka Pangani ikafuata bonde la mto kwenda bara, ikapita katika nchi ya Wazigua na chini ya milima ya Wasambaa. Semboja, mwana wa Kimweri ye Nyumbai, alijiweka Mazinde makusudi, kwa kuwa hapo ndipo njia ya misafara ilipopita. Na mwenye njia ndiye mwenye ushuru. Pembe za ndovu zilishuka pwani, nguo na bunduki zikapanda bara. Pamoja na hayo watu nao waliuzwa, jambo ambalo hatuna haki ya kulificha tunapoisimulia biashara ya siku zile.

Mwaka 1833 Seyyid Said wa Maskati na Unguja alifanya mkataba wa biashara na Marekani, na mwaka 1837 balozi mdogo wa Marekani akaanza kazi Unguja. Wafanya biashara wa mji wa Salem, katika jimbo la Massachusetts, walileta nguo ngumu ya pamba isiyotiwa rangi, wakachukua pembe, sandarusi na ngozi. Nguo ile watu waliiita merikani, nayo ikawa kama fedha katika njia zote za bara. Pembe iliyotoka huku ilikwenda kufanywa masega na vibao vya piano katika viwanda vya Marekani.

Kisha mwaka 1861 vita vya wenyewe kwa wenyewe vikatokea Marekani. Pamba ikaadimika, merikani ikapungua Unguja, na nguo za Uingereza na za Bara Hindi zikachukua nafasi yake. Mchukuzi wa Uzigua aliyelipwa kwa mikono ya nguo hakujua habari za vita ile, walakini ujira wake uliguswa nayo. Hilo lilikuwa fundisho la kwanza, na bahati mbaya hapakuwa na mtu wa kuliandika katika daftari.

MICHE 62

Baada ya vita vya Bushiri vya mwaka 1888 na 1889, Wajerumani waliishika pwani, na Kampuni ya Kijerumani ya Afrika ya Mashariki ikawa inatafuta zao litakalolipa. Kahawa ilijaribiwa Usambara, pamba na tumbaku zikajaribiwa mahali pengine. Dakta Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa kampuni ile, alisoma habari za mmea wa Yucatán, nchini Mexico, wenye singa ngumu za kufanyia kamba. Jina lenyewe la mmea huo kwa lugha za Ulaya, sisal, ni jina la bandari ndogo ya Yucatán ambamo singa zilipakiwa melini.

Watu wa Yucatán hawakutaka kuuza miche, maana walijua kwamba auzaye mche huuza na soko lake. Kwa hiyo Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, Marekani, ambako mmea ule ulikuwa umepelekwa zamani. Ilipitia Hamburg, na mingi ikafa njiani. Iliyofika Tanga mwaka 1893 ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Ipo hadithi ipendwayo sana mkoani kwetu ya kuwa miche ilifichwa ndani ya tumbo la mamba aliyekaushwa. Hadithi ni tamu, lakini ukweli wa miche 62 ni wa ajabu kuushinda. Ilipandwa Kikogwe, karibu na Pangani, ikazaana. Miaka ishirini baadaye, mwaka 1913, koloni la Wajerumani lilipeleka ng'ambo zaidi ya tani 20,000 za singa.

Mkonge haukusambaa peke yake. Reli ya kutoka Tanga, iliyoanzwa mwaka ule ule wa 1893, ilifika Korogwe mwaka 1902, Mombo mwaka 1905, na Moshi mwaka 1911. Kila ilipopita, mashamba yalifuata: Hale, Ngombezi, Magunga, Mazinde na mengineyo. Jani la mkonge ni zito, na katika kila kilo 100 za majani hupatikana singa kilo 4 au 5 tu. Tena jani likisha katwa halina budi kupita mashineni upesi kabla halijakauka. Kwa sababu hiyo ilihitajika mashine kubwa, ile ambayo wafanya kazi wa mashamba huiita korona, na maji mengi, na vijireli vya kuvuta majani kutoka kondeni. Mtu mwenye eka mbili hakuweza kununua korona. Hivyo mkonge ukawa zao la wenye mitaji tangu mwanzo, wala haukuwa kama kahawa ya Kilimanjaro, ambayo mkulima mdogo aliweza kuimenya na kuianika nyumbani kwake.

MANAMBA NA WENYEJI

Nani alikata majani? Wazigua, Wasambaa na Wabondei walikuwa na mashamba yao, na wengi hawakupenda kujifunga kwa mwajiri katika msimu wa kulima. Walikwenda vibarua vya muda kwa kutafuta fedha za kodi, au waliuza mahindi kwa mashamba. Wenye mkonge waliwatafuta watu wa mbali: kutoka nyanda za kusini, kutoka Kigoma, kutoka Urundi na Rwanda, na Wamakonde wa ng'ambo ya Ruvuma. Hao ndio walioitwa manamba, kwa sababu ya namba walizopewa. Kila mmoja alikuwa na kipande chenye nafasi za siku 30 za kazi, na mshahara haukutoka mpaka siku zile zimetimia, hata zikichukua miezi miwili. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi yao ya kuandikisha wafanya kazi, iliyojulikana kwa jina la SILABU. Watoto na wajukuu wa manamba ni raia wa Korogwe leo, na baadhi yao ni wanachama wetu.

Wilaya ya Handeni ilikuwa na hali yake. Njaa ziliipiga mara nyingi. Ile ya miaka ya 1890, iliyokuja pamoja na nzige na sotoka ya ng'ombe, iliacha vijiji vitupu. Mwaka wa mvua njema, mahindi ya Handeni yalikuwa na wanunuzi mashambani. Mwaka wa ukame, vijana wa Handeni walivuka mto kwenda kuuza nguvu zao. Kwa njia hiyo Handeni nayo iliingia katika biashara ya ng'ambo, ingawa singa nyingi zilitoka upande wa Korogwe.

Sasa tutazame safari ya singa. Mkataji alikata majani akayafunga mafungu ya majani 30. Korona ikayaparua, singa zikaoshwa, zikaanikwa juani kwenye nyaya, zikapigwa brashi, zikapangwa kwa madaraja, zikashindiliwa kuwa marobota. Treni ikayapeleka Tanga, matishari yakayafikisha melini, na meli ikayapeleka London, Hamburg au Marekani. Huko singa zikasokotwa kamba na nyuzi za kufungia mavuno. Kila hatua ilikuwa na ujira wake. Ujira wa hatua za huku ulikuwa mdogo. Hatua za kule, yaani udalali, bima, kusokota na kuuza kamba, ndizo zilizokuwa na faida kubwa.

RAFIKI TUSIYEMJUA

Ili kulielewa swali letu yatupasa kuiangalia Yucatán, kwa kuwa yaliyompata mkulima wa kule yalimhusu mkulima wa huku, ingawa hawakuonana. Yucatán hupanda ndugu wa mkonge wetu, mmea unaoitwa henequen. Tangu mashine ya kuvuna ngano na kufunga miganda kwa uzi ilipoenea Marekani baada ya mwaka 1878, wakulima wa ngano walihitaji uzi kila msimu, na karibu wote ulitoka Yucatán. Ungedhani basi kwamba Yucatán ndiyo iliyopanga bei. Haikuwa hivyo. Mwaka 1902 makampuni makubwa ya mashine za kilimo ya Marekani yaliungana kuwa International Harvester, na mwaka ule ule kampuni hiyo ilifanya mapatano ya siri na Olegario Molina, mfanya biashara mkubwa aliyekuwa pia gavana wa Yucatán, ya kuishusha bei ya singa. Wauzaji walikuwa wengi na kila mmoja aliuza peke yake. Mnunuzi alikuwa mmoja, tena alikuwa na mtu wake ndani ya nyumba ya wauzaji.

Mwaka 1915 gavana mwingine, Salvador Alvarado, aliamuru wenye mashamba wote wauze kwa njia ya shirika moja la serikali. Vita Kuu vilikuwa vinaendelea, na haja ya uzi ilikuwa kubwa. Bei ikapanda mara kadhaa. Lakini shirika lile liliweka akiba kubwa ya mali likidhani kwamba mnunuzi hana pa kwenda. Mnunuzi alikuwa napo. Vita vilipokwisha alitafuta singa Java, Ufilipino na Afrika ya Mashariki, na mwaka 1919 shirika likaanguka.

Hapa ndipo historia ya Yucatán inapokutana na ya Korogwe. Katika mwezi wa Juni 1916 majeshi ya Waingereza yaliziteka Korogwe na Handeni, Wajerumani wakarudi nyuma wakiiacha hata ile reli ndogo ya vitoroli waliyoijenga kutoka Mombo kwenda Handeni kwa ajili ya vita. Mashamba yao yaliuzwa kwa Waingereza, Wagiriki, Wahindi na wengine, na kilimo kikafufuka katika miaka ya 1920. Soko walilolipata liliongezwa na anguko la Yucatán. Wahenga walisema: mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Wenye mashamba wa Tanganyika waliona mwenzao ananyolewa, nao wakafurahi kwamba wao si yeye. Zamu yao ilikuwa bado mbali.

VITA, NEEMA, NA ANGUKO

Bei ilianguka sana katika shida kuu ya uchumi ya mwaka 1929 na miaka iliyofuata. Mashamba mengine yalifungwa, na mishahara ikapunguzwa. Kisha vita vya pili vilileta mabadiliko. Mwaka 1942 Wajapani walizishika Java na Ufilipino, na majeshi ya Uingereza na Marekani yakabaki na Afrika ya Mashariki kuwa tegemeo la singa ngumu. Serikali ya Uingereza ilinunua mkonge wote kwa bei iliyoipanga yenyewe. Hata wakati wa haja kubwa kuliko wakati wowote, basi, bei ilitajwa London. Vita vya Korea vilipoanza mwaka 1950, mataifa yalikimbilia kuweka akiba, na bei ikapaa mpaka ikawashangaza wenye mashamba wenyewe.

Neema hiyo haikumfikia mkataji bila kudai. Katika miaka ya 1950 wafanya kazi wa mashamba waliunda chama chao, na mgomo mrefu wa mwaka 1958 huko Mazinde unakumbukwa katika historia ya wafanya kazi wa nchi hii. Madai yao yalikuwa mshahara na haki ya chama kutambuliwa. Yafaa tukumbuke kwamba watu wa kwanza mkoani kwetu waliojaribu kwa umoja kuugusa upande wa bei katika biashara ya mkonge hawakuwa wenye mali, bali wenye mapanga.

Tanganyika ilipojitawala mwaka 1961 ilikuwa ya kwanza duniani kwa mkonge. Mwaka 1964 nchi yetu ilivuna karibu tani 230,000, wala kiasi hicho hakijafikiwa tena. Mwaka ule ule bei ilianza kushuka. Zilikuwapo sababu kadhaa zilizokutana. Brazili ilikuwa imeongeza mavuno yake. Mashine mpya za kuvunia ngano hazikuhitaji uzi wa miganda, na uzi wa kufungia majani makavu ya mifugo ndio uliobaki kuwa soko kubwa. Halafu viwanda vya Ulaya na Marekani vikaanza kutengeneza nyuzi za plastiki zitokanazo na mafuta. Sasa mshindani hakuwa mkulima mwenzetu wa Yucatán wala wa Brazili, bali kiwanda kisichongoja mvua.

Mwisho wa miaka ya 1960 nchi zenye mkonge zilianza kukutana chini ya Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, zikajaribu kupatana juu ya kiasi cha kuuza na bei. Lilikuwa jambo jema, ila lilikuja wakati mnunuzi amekwisha pata kitu kingine cha kununua. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 Serikali ilitaifisha mashamba mengi, ikachukua mzigo wake katika saa mbaya. Mkonge ukatwao leo ulipandwa miaka mingi nyuma. Mmea huanza kukatwa baada ya miaka kama mitatu, huchanua mlingoti wake, na kufa. Asipopanda mtu leo, pengo litaonekana baada ya miaka. Mapengo hayo yalionekana. Ilipofika mwisho wa miaka ya 1990 mavuno yalikuwa chini ya tani 30,000, na korona nyingi zilikuwa kimya.

KUTOKA AMANI MPAKA CHINA

Lakini tusiisome historia hii kama kilio. Katika kituo cha utafiti cha Amani, na baadaye Mlingano karibu na Ngomeni, wataalamu walizalisha aina mpya ya mkonge iitwayo 11648, yenye majani mengi zaidi kuliko ule wa Hindorf. Aina hiyo ilipelekwa China katika miaka ya 1960, ikawa ndiyo ipandwayo zaidi huko. Hivyo nchi iliyopokea miche 62 imetoa nayo mche kwa nchi ya mbali. Na leo China ni miongoni mwa wanunuzi wakubwa wa singa zetu, maana mavuno yake hayatoshi viwanda vyake. Huko Hale, mwaka 2008, mitambo ilianza kutoa gesi na umeme kutoka katika mabaki ya majani, yale ambayo zamani yalitupwa mtoni.

Jambo kubwa zaidi kwetu ni kwamba mkulima mdogo ameingia. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1990 mashamba ya Korogwe yaliyokuwa ya wenye mitaji yaligawiwa kwa wakulima, na vyama vya msingi vikaundwa Hale, Magoma, Ngombezi, Mwelya na Magunga. Kile kilichomshinda mtu wa eka mbili zamani za Wajerumani, yaani korona, chaweza kutumiwa na wengi kwa pamoja. Huo ndio ushirika kwa maana yake halisi.

FUNDISHO

Tumeuliza kwa nini mali ilikuwa huku na bei ikawa kule. Historia yajibu kwamba umbali peke yake haukuwa sababu, kwa kuwa mnunuzi wa London au Chicago alikuwa mbali nasi kama sisi tulivyokuwa mbali naye. Tofauti ni kwamba yeye alijua habari zetu: mvua zetu, mavuno yetu, madeni yetu, na majirani tunaoshindana nao. Sisi hatukujua zake. Mali bila daftari hupotea bila habari. Nasi twaweza kuongeza kwamba hata yenye daftari hupotea ikiwa daftari lisomwalo ni la mnunuzi.

Yucatán inatufundisha neno la pili, nalo ni zito kwa wanaushirika. Kuuza kwa pamoja ni lazima, lakini hakutoshi. Walioungana mwaka 1915 walipata bei nzuri kwa miaka michache, wakaipoteza kwa sababu hawakutazama mnunuzi anaelekea wapi. Kadhalika mtu akimtegemea mnunuzi mmoja, awe wa nchi gani, anarudia njia ya mwaka 1902. Tena robota lichanganywalo na singa chafu humpa mnunuzi sababu ya kushusha bei ya marobota yote, ya mwema na ya mzembe pamoja. Na ikiwa faida kubwa iko katika kusokota, basi kila kamba isokotwayo mkoani Tanga badala ya ng'ambo ni hatua moja ya safari tunayoirudisha nyumbani.

Kwa hiyo katika mkutano mkuu ujao mwanachama wa Korogwe, na mwenzake wa Handeni anayefikiria kupanda mkonge pembeni mwa mahindi yake, wasiridhike na kutangaziwa bei peke yake. Na waulize: robota letu lilikwenda nchi gani? Lilipimwa daraja gani, na nani aliyelipima? Bei ya huko siku ile ilikuwa ngapi, na katika hiyo tumebaki na ngapi? Miche iliyoagizwa ilikuwa 1,000, ikafika 62, nasi twaijua hesabu yake mpaka leo. Hesabu ya marobota yetu isitushinde.